Shangazi, ni mkono wangu uliomuua Doto?

Shangazi Mkunga, shikamoo.

Nimekuwa nikikusoma kimya kimya kwa muda mrefu, na mara nyingi nacheka na barua za wenzangu. Leo ni zamu yangu, ila yangu haichekeshi.

Miaka miwili iliyopita nilijifungua pacha kabla ya wakati, mimba ina wiki 32. Wote wasichana. Kulwa alikuwa na kilo 1.7, Doto kilo 1.3. Walilazwa kwenye wodi ya watoto njiti ya hospitali moja kubwa ya huku kwetu, wakawekwa mashine moja ya joto, miguu kwa miguu, kwa sababu mashine zilikuwa chache. Siku ya tano Kulwa akatolewa nikaanza kumbeba kifuani. Doto akabaki na dripu yake, na kwenye nafasi ya dada yake akawekwa mtoto wa mama mwingine.

Usiku wa siku ya nane maji yalikuwa yamekatika tangu jioni. Ile ndoo ya kunawia pale mlangoni ilikuwa tupu kabisa. Nilitoka chooni, nikapita kumwangalia Doto, nikamkuta analia kwa sauti ndogo kama kifaranga. Sista alikuwa mwisho wa chumba anahangaika na mtoto aliyebadilika. Nikafungua kidirisha cha mashine, nikaingiza mkono, nikampapasa mgongoni mpaka akanyamaza. Sikunawa, Shangazi. Nilijifuta kwenye khanga tu.

Baada ya siku mbili Doto alikataa maziwa. Tumbo likajaa, ngozi ikawa na rangi ya majivu, akawa kama anasahau kupumua, mpaka umguse ndiyo anashtuka. Wiki hiyo waliugua watoto sita humo ndani. Walikufa watatu, na Doto alikuwa wa pili. Daktari alituambia ni maambukizi kwenye damu, basi, akaondoka. Hakuna aliyetueleza yametoka wapi. Baadaye wakatuhamishia chumba kingine, wodi ikapigwa deki kwa dawa kali mpaka macho yanawasha kwenye korido. Hapo ndipo sista mmoja akatusimamisha akasema, "Nyie akina mama ndio mnatuletea wadudu na khanga zenu." Wenzangu walimjia juu. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilijua.

Sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Kila nikimwogesha Kulwa nautazama huu mkono wa kulia.

Sasa nina mimba ya miezi mitano, na kipimo kimeonyesha mtoto ni mmoja. Kwetu anayefuata pacha huitwa Shija, na wameshaanza kumwita hivyo angali tumboni. Mama mkwe anasema hospitali ndiyo iliyomla mjukuu wake, kwamba yeye alijifungulia watoto saba nyumbani na hakuna aliyeondoka na wadudu wa wodini. Ameshaongea na bibi mmoja anayezalisha pale kijijini. Mume wangu ananiambia nichague mwenyewe. Ukweli ni kwamba nikiikumbuka harufu ya ile wodi miguu inakosa nguvu.

Naomba uniambie bila kunibembeleza. Ni mkono wangu? Kwa nini Doto akafa na Kulwa akapona, wakati walilala mashine moja? Na je, nizalie nyumbani?

Kuna kitu kingine kidogo, naona hata aibu kukuuliza. Nina kofia ya sufu ya Doto. Shija anaweza kuivaa, au bado ina wale wadudu?

Mama Kulwa, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeisoma barua yako mara tatu kabla sijashika kalamu.

Nianze na mkono, maana najua mengine hutayasoma mpaka nikujibu hilo.

Hakuna mtu, hata mwenye maabara nzuri kiasi gani, anayeweza kukuonyesha leo ni mguso upi uliompa Doto ugonjwa. Lakini umeniandikia hesabu ambayo naona wewe mwenyewe hujaipiga. Waliugua watoto sita kwa wiki moja. Usiku ule wewe uligusa mtoto mmoja, wa kwako. Hao watano wengine waliguswa na nani?

Ugonjwa unaoangusha watoto sita ndani ya wiki unahitaji kitu kinachofika kwenye vitanda sita. Mama hafiki huko. Mama ana njia yake moja: mlangoni, kwa mwanawe, chooni, kwa mwanawe tena. Vinavyozunguka wodi nzima ni vingine. Kuna mikono ya wauguzi na madaktari. Kuna stetoskopu ileile moja na kipimajoto kilekile. Kuna mpira wa kunyonyea uteute unaosuuzwa haraka haraka ukarudishwa kazini, na ile chupa ya maji yanayotoa mapovu kwenye oksijeni, ambayo inaongezwa maji bila kumwagwa yale ya jana. Ninayoiogopa kuliko zote ni chupa moja ya glukosi inayofunguliwa asubuhi, ikachomekwa sindano kwenye kizibo, na kila mtoto akavutiwa kidogo chake humo mpaka jioni. Bakteria akiingia kwenye chupa hiyo saa nne asubuhi, mpaka mchana ameshagawiwa kama chakula cha shule.

Kwa dalili ulizonieleza, na kwa jinsi watoto walivyofuatana, wa kwanza kumfikiria ni Klebsiella. Huyu ni bakteria anayeishi kwenye utumbo wa binadamu, wangu na wako, bila kutusumbua. Akifika wodi ya watoto njiti anapenda kwenye majimaji: sinki, ndoo, mirija, chupa zilizofunguliwa. Afrika Kusini, mwishoni mwa mwaka 2019, vichanga 10 walifariki kwa Klebsiella sugu, yaani asiyesikia dawa, kwenye hospitali ya Tembisa, karibu na Johannesburg, ndani ya miezi miwili tu. Wodi ilikuwa imejaa kupita uwezo wake. Ukiniuliza mimi, msongamano ndio mama wa haya yote. Watoto wawili kwenye mashine moja, tena wasio ndugu, ni kumfungulia bakteria njia.

Sasa usije ukasema Shangazi kasema mikono ya mama haina neno. Ina neno. Mama aliyekaa wodini siku kumi hupata wadudu walewale wa wodini, na anayetoka chooni anatakiwa anawe kwa sabuni, hilo halina mjadala. Ungenawa ingekuwa bora. Ndoo ingekuwa na maji ungenawa, maana umeniandikia ulivyoitazama kwanza ukaikuta tupu. Kuijaza haikuwa kazi yako.

Na mimi nikwambie langu, kwa kuwa umeniambia lako. Nilifanya kazi wodi ya vichanga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kulikuwa na usiku tuko wauguzi wawili na watoto 30. Piga hesabu na mimi. Kila mtoto anaguswa walau mara nane kwa usiku: kumpima joto, kumlisha, kumbadilisha, kumpa dawa. Hiyo ni migusano 240. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni ni sekunde 40 mpaka 60, kwa hiyo weka dakika moja kila mara. Ni dakika 240, yaani masaa manne ya kunawa tu, na hapo hujamkimbilia aliyeacha kupumua. Unadhani nilinawa mara zote? Sikunawa. Nilichagua, na nyakati nyingine nilichagua vibaya. Nikisikia mwenzangu anawasimamisha akina mama korido na kuwatupia lawama za khanga, namjua. Alikuwa anatetemeka. Alikuwa amewapoteza watatu kwa wiki moja na alikuwa anatafuta mahali pa kutua ule mzigo, akautua kwa aliyekuwa dhaifu kuliko yeye. Hilo halimpi haki ya kusema vile. Nakueleza tu ili uache kuyasikia maneno yake kama hukumu ya mahakama.

Na kwa kuwa unakumbuka maji yalikatika, ngoja nikueleze kisa cha mahali ambapo maji hayakatiki. Belfast, Ireland ya Kaskazini, Januari 2012: watoto watatu walifariki kwenye wodi ya vichanga ya hospitali ya uzazi, na mwingine alikuwa ameshafariki mwezi mmoja kabla kwenye hospitali ya mji mwingine wa hukohuko Ireland ya Kaskazini. Bakteria alikuwa Pseudomonas. Walipochunguza wakamkuta kwenye mabomba na masinki. Yaani bomba la kunawia lenyewe! Mtu ananawa kwa uaminifu wake wote, anamfuta mtoto kwa maji ya bombani wakati wa kumbadilisha, kumbe maji ndiyo yanayomleta. Baada ya hapo mabomba yakabadilishwa, na watoto wa wodi zile wakawa wanasafishwa kwa maji yaliyotakaswa maalumu. Hiyo ni nchi tajiri, yenye sabuni kila kona. Mama wa Belfast naye, ninavyowajua akina mama, alikaa akautazama mkono wake.

Unauliza kwa nini Doto na siyo Kulwa.

Walikuwa na tofauti zaidi ya unavyodhani. Kinga ambayo mama humpa mtoto kupitia kondo la nyuma nyingi yake huvuka wiki za mwisho za mimba, na wanao wote wawili walizikosa hizo. Lakini gramu 400 kwa mtoto wa kilo moja na kitu si jambo dogo. Ngozi ya Doto ilikuwa nyembamba zaidi, utumbo wake mchanga zaidi. Alikuwa na kanula mshipani, ule mrija mdogo wa dripu, na kanula ni mlango ulioachwa wazi kwenye ngozi. Kila dawa inayopita hapo, kila plasta inayobanduliwa, ni nafasi ya mdudu kuingia. Alilala jirani na mtoto wa mtu mwingine. Na siku zile tatu za mwanzo za Kulwa kifuani kwako zilimfanyia kazi kubwa: ngozi yake ilipata bakteria wako wa kawaida, wapole, wakakaa kabla wale wakali wa wodini hawajapata nafasi.

Hilo la kifuani si maneno ya kukufariji. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye kilo 1 mpaka chini kidogo ya 1.8. Nusu walianza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kama hali yao haijatulia. Nusu walisubiri watulie kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Vifo kwenye kundi lililobebwa mapema vilikuwa pungufu kwa asilimia 25, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo: mtoto njiti aanze kifuani tangu kuzaliwa. Nasoma mambo haya nikikumbuka tulivyokuwa tukiwafukuza akina mama, "tokeni, mnaleta wadudu," tukabaki na watoto kwenye mashine zetu, na wadudu wetu.

Jambo jingine ni dawa. Watoto kama Doto huanzishiwa ampisilini na jentamisini, na ndivyo mwongozo unavyosema. Klebsiella kwa asili yake haisikii ampisilini, na hizi za wodini nyingi zimeshakuwa sugu kwa jentamisini na seftriaksoni pia. Kujua dawa itakayomfaa mtoto lazima damu ioteshwe maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe mpaka waonekane, na majibu ni siku mbili tatu. Mtoto wa kilo 1.3 hana hizo siku. Kwa hiyo huenda Doto alipewa dawa kwa wakati, na walioitoa walijitahidi, na bado haikufanya kitu.

Lakini kama damu yake ilioteshwa, majibu yapo. Hospitali zetu hutakiwa kukaa kikao cha kupitia vifo vya akina mama na vichanga. Miaka miwili si mingi. Nenda na mume wako, ombeni kumwona daktari mfawidhi wa watoto, muulizeni mambo mawili tu: damu ilioteshwa ikaonyesha nini, na baada ya wiki ile wodi ilibadilisha nini. Ulizeni kwa upole, kitini, bila simu ya kurekodi. Ukimya wa yule daktari wenu ndio uliokuachia nafasi ya kujihukumu, na hapo kwa kweli walikukosea. Mzazi anaambiwa. Hata kama jibu ni "tunachunguza", anaambiwa.

Sasa Shija.

Mwanangu, usizalie nyumbani. Nimemaliza, ila nitakueleza, kwa sababu mama mkwe wako atakuuliza na "Shangazi kakataa" halitamtosha.

Wodi iliyokutia hofu ni ya watoto njiti na wagonjwa. Mtoto mmoja, aliyefikisha miezi yake, akazaliwa kawaida akalia, haingii wodi hiyo hata kidogo. Anawekwa kifuani kwako palepale kitandani, mnaangaliwa saa 24, mnarudi nyumbani na khanga zenu. Mnaweza kumaliza safari nzima bila kuipita ile korido. Kwa upande mwingine, wewe umeshawahi kujifungua kabla ya wakati, na aliyewahi anaweza kurudia. Hilo likitokea kijijini, yule bibi hana sindano ya kuzuia damu, hana mfuko wa kumpulizia mtoto asiyepumua, hana oksijeni. Na nyumbani nako kuna wadudu. Wakongwe tunamkumbuka pepopunda, wembe wa dukani na kitovu kilichopakwa majivu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hapa Tanzania ulikuta vichanga 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hawafikishi mwezi. Njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na maambukizi ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa. Hivyo viwili vya kwanza yule bibi hawezi kuvishika hata awe na mikono ya dhahabu.

Mama mkwe wako usibishane naye. Alizika mjukuu, na hasira yake imepata pa kwenda. Mpe kazi. Mwambie unataka muwe wewe na yeye leba, kama hospitali yenu inaruhusu ndugu, na kwamba yeye ndiye atakayesimamia usafi: nani anamshika mtoto, nani hanawi hamshiki. Nimeona wakwe wakali wakifanya kazi hiyo kuliko askari.

Kuanzia sasa fanya hivi. Kliniki uende wiki hii, na jambo la kwanza kulitamka ni kwamba pacha walizaliwa wiki 32 na mmoja alifariki kwa maambukizi. Usisubiri waulize, kadi mpya haina hiyo habari. Pima mkojo, maana UTI isiyotibiwa ni moja ya mambo yanayoleta uchungu mapema, na vidonge vya SP vya malaria umeze mbele ya nesi. Ukiona maji yanatoka, au mgongo unauma kwa vipindi kabla ya wiki 37, usilale usubiri asubuhi. Nenda moja kwa moja hospitali yenye uwezo wa kumtunza njiti, siyo zahanati, ili kama bado mapema upate sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Chupa ya uzazi ikishapasuka, kadiri masaa yanavyopita ndivyo hatari ya maambukizi inavyopanda, hasa ikizidi saa 18.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, kwamba Shija naye ni mdogo? Sema sentensi moja, uiseme mapema, kabla hajafika kwenye mashine: "Naomba nimbebe kifuani tangu sasa." Muhimbili walikuwemo kwenye ule utafiti, si jambo la kigeni nchini. Maziwa yako ya kwanza, yale ya njano, mkamulie kwenye kikombe kilichochemshwa, hata tone alipate. Ya kopo yasiingie bila sababu ya daktari. Unga ule hautoki kiwandani ukiwa hauna vimelea kabisa, ndiyo maana unatakiwa kukorogwa kwa maji ya moto sana. Kata kucha. Pete ivue, hata ya ndoa, mume wako aiweke mfukoni. Na simu! Hakuna kitu kichafu wodini kama simu, tunatoka nayo chooni tunakuja kumpiga mtoto picha. Iache kwa anayekusindikiza.

Najua kinachokutisha zaidi ni kumwambia nesi anawe. Ukimwambia "mbona hujanawa" utaitwa mjuaji mpaka siku ya kuruhusiwa. Nunua kitakasa mikono chako, kile cha spiriti, ukiweke pembeni ya kitanda. Akija, anza kujipaka wewe, halafu mnyooshee chupa kama unavyomkaribisha mtu chai: "Karibu sista." Mimi nilifanyiwa hivyo na mama mmoja mwaka wangu wa mwisho kazini, na sijamsahau. Nilicheka, nikajipaka. Ni sekunde 20 mpaka 30. Kitakasa hakiondoi uchafu unaoonekana, kwa hiyo ukitoka chooni au ukimbadilisha mtoto ni sabuni na maji. Nenda na kidumu chako cha lita tano, usiitegemee ile ndoo.

Mkishafika nyumbani, wageni wasubiri. Kitovu kikae kikavu, kisipakwe kitu. Na kwa mwezi wa kwanza kuna mambo ambayo ukiyaona unabeba mtoto unaondoka, usiku au mchana: amekataa kunyonya wakati jana alinyonya, amelegea, hasogei mpaka umguse, anapumua haraka, pumzi 60 na zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani, ana degedege, ana joto kufikia nyuzi 38, au amepoa kuliko kawaida, chini ya 35.5. Hilo la kupoa watu wengi hawalijui. Kichanga mwenye maambukizi anaweza asiwe na homa kabisa, akawa baridi tu na mtulivu, ndugu wakasema mtoto ana adabu.

Mume wako mwambie. Siyo kwa sababu ni kosa la kutubu. Amekuachia uchague mwenyewe, naye hajui unachagua ukiwa umebeba nini. Msomee barua yako uliyoniandikia kama kusema kunakushinda.

Kulwa sina wasiwasi naye. Kama alichukua Klebsiella wa wodini tumboni, hao wengi huondoka wenyewe kadiri mtoto anavyokula na kucheza na udongo. Akiugua ukampeleka hospitali, taja tu kwamba alilazwa wodi iliyokuwa na mlipuko, daktari atajua afanye nini na taarifa hiyo.

Na kofia usione aibu. Ifue kwa sabuni na maji ya moto, ianike kwenye jua la mchana, ipige pasi. Baada ya hapo haina cha kumdhuru mtoto. Shija akivaa, sawa. Ukiamua ikae sandukuni kwako, sawa pia, na mtu asikuulize kwa nini.